Hapana ya Hilaria

Naapa. Naapa mbele ya padre, mbele ya chifu, na mbele ya mke wangu Anjeline ambaye namwogopa kuliko hao wawili wakishikana mikono: haya ninayoandika ni kweli tupu. Najua mmenizoea. Najua nikiwaambia nilimwona kiboko akingoja treni ipite ndipo avuke reli ya Malaba, mnacheka na kufungua ukurasa wa mpira. Hii si ya kiboko. Hii ingekuwa uongo, ningekuwa napata usingizi.

Wiki jana niliwaacha mlangoni mwa korti. Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa nyama kabla hawajasoma, ni hivi.

Mimi ni Ekisa, dereva wa greda mstaafu. Zamani nilifanya kazi na Waitaliano waliokuwa wakijenga barabara, miaka miwili na miezi kidogo. Kutoka hapo nikaieleza Malaba nzima kwamba nimeishi Roma, kwamba nilimwendesha Papa mwenyewe siku dereva wake aliumwa na tumbo, na kwamba Kiitaliano kwangu ni kama maji ya kunywa. Watu wakaniita Mzee Roma. Nikaitika miaka arobaini.

Halafu msichana wa Kiitaliano, mtalii mwenye begi mgongoni, akashikwa mpakani akiingia kutoka Uganda. Ndani ya kopo lake la poda kulikuwa na bangi gramu saba. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota, na lazima mtu asomewe mashtaka kwa lugha anayoielewa. Karani wa korti, Callistus, akaja nyumbani kwangu na pikipiki akipiga honi kutoka barabarani.

"Mzee Roma! Leo serikali imekutafuta!"

Nikavaa koti. Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa niwaambie jambo ambalo wiki jana sikuwaambia. Kiitaliano changu chote ni maneno matano. Avanti, ni mbele. Indietro, ni nyuma. Piano piano, ni polepole. Basta, ni simama. La tano ni tusi la pancha. Ni Kiitaliano cha kurudisha greda nyuma bila kuua mtu.

Korti ilikuwa imejaa. Mvua ilikuwa inapiga mabati, kila mtu anasema "Ati?" Hakimu ni mama mmoja mwembamba wa miwani ambaye hapandishi sauti; wewe ndiye unashusha yako.

Callistus akanishikisha Biblia. "Mzee, utatafsiri kwa uaminifu?"

"Nitatafsiri."

Msichana alikuwa kizimbani, ameshika chuma kwa mikono yote miwili. Umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Jina lake lilikuwa Ilaria, lakini huku kwetu tunao akina Hilaria tele, hata shemeji yangu ni Hilaria, basi nikamwita hivyo na korti nzima ikanifuata.

Nikaanza kwa sauti, watu wasikie. "Avanti! Piano, piano!"

Kule nyuma watu wakaguna kwa heshima. Nikamsikia Etyang, tunayekunywa naye pombe ya ajono chungu kimoja tangu nistaafu, akimwambia jirani yake, "Umesikia? Hiyo ni Roma yenyewe."

Msichana akashtuka. Nilikuwa nimemwambia aende mbele polepole, na mbele yake kulikuwa na chuma.

Callistus akasoma mashtaka. Kupatikana na bangi, kinyume cha sheria, tarehe fulani, mahali fulani. "Ni kweli ama si kweli?"

Nikainama hadi kwenye sikio la msichana. Nikamnong'oneza kwa Kiingereza. Mnaelewa kwa nini nilinong'ona? Si kwa sababu ya adabu. Ni ili korti isisikie kwamba ni Kiingereza.

Nikamuuliza: hii bangi si yako?

"No," akasema. Akatikisa kichwa sana. "No, nonno."

Mimi nikasikia, no, no-no. Mara tatu.

Sasa ndugu msomaji, jiulize mwenyewe. Ukifika kwangu saa nane na njaa, nikuulize, "Hujala?", utasemaje? Utasema, "Ndiyo." Ndiyo, sijala. Ukisema, "Hapana," Anjeline anakunawisha mikono tu na kukuletea chai, kwa sababu umesema umekula. Ndivyo tunavyoongea. Ndivyo mama zetu walivyotufundisha.

Basi nimemuuliza, si yako? Amesema hapana. Hapana, si kwamba si yangu. Maana yake ni yake.

Nikasimama wima kama askari wa gwaride. "Mheshimiwa, anakubali. Anasema ni kweli."

Hakimu akaandika.

Nikageuka nirudi kwenye kiti. Msichana alikuwa ananitabasamia. Ameweka mkono kifuani, ananishukuru, "Grazie, grazie," kama mtu aliyetolewa mtoni.

Hakuna mtu anayetabasamu hivyo akiwa ameungama.

Hapo nikajua nimeligeuza jibu lake. Kwa sababu jambo hili nililijua! Mwaka themanini na nne, injinia wetu aliniuliza asubuhi, hujaangalia breki? Nikasema ndiyo. Ndiyo, sijaangalia. Yeye akasikia kwamba nimeangalia, akapanda greda, akateremka nayo mlima, akaingia nayo mtoni hadi shingoni. Alipotoka, maji yakimtiririka kwenye ndevu, aliniambia, "Ekisa, ukimwuliza mzungu, anajibu jambo. Hajibu swali."

Miaka arobaini nimesimulia greda ile ikiogelea. Somo lake nikaliacha mtoni.

Ningegeuka wakati ule ule. Ningesema, "Mheshimiwa, nimekosea." Hatua tatu tu. Lakini pale nyuma alikuwa ameketi Etyang, na nusu ya soko.

Nikakaa.

Hilo la kwanza lilikuwa kosa. Sikieni la pili, maana la pili lilikuwa dhambi.

Mwendesha mashtaka akasoma maelezo: kopo la poda, gramu saba, pasipoti, afisa aliyepekua. Hakimu akasema, "Muulize kama maelezo hayo ni ya kweli."

Nikainama tena. Nikamnong'oneza: uko sawa?

"Yes," akasema. "Yes, thank you."

"Anakubali maelezo, mheshimiwa."

Hakimu akavua miwani. "Mwambie korti imempata na hatia kwa kukubali kwake mwenyewe. Mwambie sheria hii haiangalii pasipoti. Pengine kwao anaonywa na kuachwa aende zake. Hapa kuna kifungo, na kinaweza kufika miaka."

Nikainama mara ya tatu. Nikamwambia: ngoja kidogo.

Akaitikia kwa kichwa, ametulia kabisa.

"Ona anavyolipokea," mama mmoja akasema nyuma yangu. "Hawa watu wana roho ngumu."

Hukumu ikawekwa siku ya tisa, ili afisa wa probesheni aandike ripoti. Msichana akapelekwa rumande. Alielewa wakati lori lilipowashwa, siyo kabla. Nilikuwa nje nikipokea pongezi. Akanishika kwa macho kupitia waya wa dirisha na kupiga kelele.

"Nonno! Nonno! Nonno!"

No, no. No, no. No, no. Lori likaondoka nalo hilo neno mpaka kwenye kona.

Etyang akanipiga bega. "Mzee Roma, anasema nini sasa?"

"Anasema kwaheri," nikamwambia.

*

Mtu asiyejua Kiteso hawezi kujua nilivyoteseka siku zile. Sisi tukisalimiana tunasema, "Yoga noi." Tukishukuru, "Eyalama noi." Noi! Asubuhi natoka nje, jirani, "Yoga noi!" Nanunua sukari, mwenye duka, "Eyalama noi!" Nilikuwa nimeishi miaka sabini katika lugha yangu bila kujua kwamba imejaa no.

Nikaacha kusalimia. Nikipita, watu wakasema, "Mzee Roma siku hizi anaringa. Korti imempandisha kichwa."

Foleni ya matrela pale Malaba unaijua. Inaweza kufika mbali hadi usione mwisho. Breki zao za upepo zikiachiwa zinatoa sauti. Sitaiandika hapa. Zitegee sikio mwenyewe.

Siku ya nne, saa tano mchana, jua kali, nilimwona yule msichana. Kati ya trela na trela, amesimama, mikono imeshika kitu ambacho hakipo, kimo cha chuma cha kizimba. Viatu vyake vya wazi, vumbi kwenye vidole. Trela ikasogea, hayupo.

Nikamuuliza muuza mayai ya kuchemsha, "Umemwona msichana mzungu hapa?"

"Mzee, hapa nimeona madereva wa nchi sita. Mzungu sijaona."

Jumapili nikamwona kanisani, safu ya tatu upande wa wanawake. Wakati wa kutakiana amani akanyoosha mkono. Nikatoka nje kabla ya komunyo, Anjeline akanifuata.

"Wewe Ekisa. Kwani ni nini unakimbia?"

"Joto."

"Joto iko ndani yako. Jana ulikuwa unaongea na ukuta wa jikoni. Ulikuwa unauambia, 'Si yako?' Ukuta ni wa nani, kama si wetu?"

Mwanamke huyu tumeishi naye miaka arobaini na sita. Hajawahi kuamini hata mara moja kwamba nimefika Roma. Lakini hajawahi kunianika mbele ya watu pia.

Siku ya saba akaja Sista Benedetta.

Mnamjua, wale wa upande huu. Ni yule sista mfupi anayepeleka sabuni na pedi kwa wanawake wa rumande kila Jumanne. Alisoma uuguzi Italia miaka tisa. Mimi hilo nilikuwa nalijua, ndiyo maana kwa miaka yote nikimwona sokoni nilikuwa napita njia ya nyuma, kwenye samaki.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa mlango wa jikoni natoa maharagwe maganda. Hakukuwa na njia ya nyuma.

Akasimama mbele yangu. Akaongea Kiitaliano. Maneno yalikuwa mengi, laini, yanapanda na kushuka, na mwishoni kulikuwa na swali. Nilijua ni swali kwa sababu alinyamaza na kuningojea.

Nikamwambia, "Piano piano, Sista."

Akaongea tena, polepole sasa, kama anavyoongea na mgonjwa.

"Avanti," nikasema.

Maharagwe yakamwagika mapajani.

"Papa Ekisa," akasema kwa Kiswahili (papa kwetu ni baba), na afadhali angenitukana, "nimekuuliza mara mbili kama hapa kwako kuna maji ya kunywa. Nina kiu."

Anjeline akamletea maji. Akanywa yote.

"Nimetoka kuongea na Ilaria. Kwa siku sita hakuna mtu aliyeelewa anachosema. Ananiambia, 'Sista, kwa nini niko hapa? Nilisema No. Mzee aliniuliza na mimi nikasema No. Akaniambia ningoje kidogo. Nimengoja. Kidogo ni siku ngapi?'"

Sikuweza kuinua macho. "Anapiga kelele bado?"

"Kelele gani?"

"Ile ya kunikatalia. No-no, no-no. Mpaka lori likapotea."

Sista akanitazama. Halafu akaketi kwenye kigoda cha Anjeline, taratibu.

"Nonno," akasema. "Hiyo siyo kukataa. Ni babu. Kwao mtoto akimwita baba ya mamake, anasema nonno. Alikuwa anakuita babu."

Nimefiwa na wazazi wote wawili na mtoto mmoja. Sikumbuki kama siku hizo niliishiwa pumzi namna ile.

Anjeline akaweka bakuli chini. "Keshokutwa ni hukumu," akamwambia Sista, si mimi. "Atakuwepo."

"Kabla ya hukumu kusomwa, bado anaweza kubadilisha jibu lake," Sista akasema. "Baada ya kusomwa ni rufaa, na rufaa ni miezi akiwa ndani. Papa Ekisa, utaenda wewe kumwambia hakimu, au niende mimi?"

"Nitaenda mimi."

"Kweli?"

"Naapa."

Kwa hilo neno Sista akamtazama Anjeline. Hata yeye alikuwa amewahi kusikia habari za kiboko.

*

Sikuenda.

Asubuhi ya hukumu niliamka, nikatia mashati matatu na blanketi kwenye begi la mkono, nikashika njia ya Uganda. Nina binamu Tororo. Nilijiambia, mtu akitafutwa huko, ni nani anajua Mzee Roma? Nitakuwa Ekisa tu, nitanyamaza, nitakufa na siri yangu.

Nikafika kwenye meza ya ukaguzi. Afisa alikuwa kijana wa Kiganda mpole, anaongea Kiswahili cha huko kwao.

"Karibu, mzee. Huna kitu umeficha?"

Nikafungua mdomo.

Jamani. Nikasema, "Ndiyo."

"Ndiyo uko nayo?"

"Hapana."

"Hapana, hakuna?"

"Ndiyo."

Akaacha kutabasamu. "Mzee, unacheza na mimi? Iko ama haiko?"

Nikataka kusema haiko. Lakini ulimi haukuwa wangu tena. Nilikuwa nasikia mvua kwenye mabati, na hapo jua lilikuwa linawaka. Foleni nyuma yangu ikaanza kunisogelea. Mama mmoja mwenye ndizi akasema, "Huyo hata macho yake si mazuri."

"Fungua begi."

Akatoa shati moja baada ya lingine. Akalikunjua blanketi. Akanusa kopo langu la mafuta ya kujipaka, akatia kidole ndani, akakizungusha. Kwenye meza kama ile, upande wetu, ndipo kopo la yule msichana lilipofunguliwa. Nilikuwa hatua hamsini kutoka nchi yangu. Nilikuwa najua lugha, najua majina ya vilima, nina binamu pale ng'ambo, na bado swali moja la afisa lilikuwa limenishinda. Nikafikiria mtoto aliyevuka bahari, ambaye hana hata mtu wa kumwambia, tulia.

"Blanketi na jua hii?" afisa akauliza. "Mzee, unahama?"

"Nilikuwa nahama."

"Na sasa?"

"Sasa nimechelewa kortini."

Nikaacha blanketi pale pale mezani. Nikachukua boda, nikamwambia apeleke kama anayepeleka mama wa kujifungua.

*

Niliingia korti ikiwa kimya. Hakimu alikuwa ameshika karatasi, mdomo wazi. Msichana alikuwa kizimbani, amekonda. Sista Benedetta alikuwa amesimama kwenye benchi la kwanza, ameinua mkono kama mtoto wa shule. Alikuwa ameshanikatia tamaa.

"Mheshimiwa!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Basta!"

Niamini, sikukusudia. Ndilo neno lililotoka.

"Mkalimani," hakimu akasema. "Umechelewa, na unapiga kelele."

"Mheshimiwa, mimi si mkalimani. Mimi ni dereva wa greda."

Watu wakacheka. Walidhani ni hadithi nyingine.

"Sijafika Roma. Sijafika hata Nakuru ila kwa matibabu. Papa simjui. Huyu mtoto nilimnong'oneza kwa Kiingereza. Nilimuuliza si yako, akasema no. Nikaigeuza. Maelezo yaliposomwa nilimuuliza kama yuko sawa. Mlipomtia hatiani nilimwambia angoje kidogo."

Kicheko kikafa, benchi moja baada ya lingine, kutoka mbele kwenda nyuma. La Etyang likawa la mwisho.

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mheshimiwa, huyu mzee anajulikana. Kila siku ana lake. Pengine leo ndiyo anadanganya."

Na hilo lilinipata, maana lilikuwa swali la haki. Mtu aliyedanganya miaka arobaini anatoa wapi ushahidi kwamba leo ni kweli?

Hakimu akafikiri. "Sista, unakijua Kiitaliano?"

"Ninakijua, mheshimiwa."

"Muulize mzee huyu, kwa Kiitaliano, jina la mkewe."

Sista akaniuliza. Nikasimama pale. Mke wangu alikuwa benchi la nne, kitambaa cha kanisani kichwani, ananitazama. Sikujua nimeulizwa nini. Nikangoja labda litatokea neno la mbele, au la nyuma, au la polepole.

Hakikutokea kitu.

"Imetosha," hakimu akasema. Akachora mstari kwenye faili, mrefu, kwa rula. "Kukubali kosa kwa mwanzo kunafutwa. Sista aapishwe. Mashtaka yasomwe upya. Wewe mzee, usitoke. Uliapa mbele yangu kwa Biblia."

Sista akaapa. Callistus akasoma. Sista akatafsiri, taratibu, neno kwa neno. Nikaona uso wa yule msichana unavyofunguka: siku tisa, na ndiyo mara ya kwanza korti inamwambia kwa lugha yake ameshtakiwa nini.

"Ni kweli ama si kweli?"

Nikafumba macho. Nikangoja ile No yake. Sema mwanangu, nikaomba. Sema tu, tutoke hapa.

Akakawia. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama mimi. Halafu akaongea, muda mrefu, bila kulia.

Sista hakutafsiri.

"Sista?" hakimu akasema.

"Mheshimiwa." Sista akamgeukia hakimu. "Anasema ni kweli. Anasema ni yake."

Korti nzima ikavuta pumzi kwa pamoja.

"Anasema aliinunua mwenyewe, ya kuvuta mwenyewe. Anasema kwao ni jambo dogo, alidhani na huku ni dogo, hakuuliza mtu. Siku ile alisema No kwa sababu aliogopa. Anasema..." akanigeukia kidogo, "anasema mzee ameacha jina lake hapo mlangoni ili yeye aulizwe vizuri. Kwa hivyo hataki kujibu vibaya."

Halafu kutoka benchi la nyuma nikasikia sauti ya Etyang, ambaye hata siku ya kiyama ataomba nafasi ya kusema kidogo.

"Kumbe Roma anakijua Kiitaliano kuliko wenyewe!"

Watu wakapasuka. Hata Callistus alificha uso kwenye faili. Kwa nukta moja, Mungu anisamehe, nilinyoosha mgongo. Nilihisi Mzee Roma anarudi kukaa mabegani.

Hakimu hakucheka. Akangoja mpaka watu wakaona haya.

"Mzee Ekisa. Usifikiri hilo linakusaidia. Ulibahatisha maisha ya mtu. Kwamba ulipata, ni bahati yako, si uaminifu wako. Utakaa ndani siku saba kwa kuidharau korti hii. Ukitoka, utafagia hapa, chumba hiki na vyoo vyake, miezi mitatu, kifungo cha nje. Na kila asubuhi kabla korti haijaanza, utasimama pale mlangoni uwaambie wanaoingia kazi yako ilikuwa gani. Greda."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mshtakiwa atarudi saa nane. Nitazingatia alivyojibu leo. Lakini sheria bado ni ile ile, na gramu bado ni saba."

Pingu zilikuwa jozi moja siku hiyo, nyingine zilikuwa zimeenda na mahabusu wa jana. Askari akanifunga mkono wangu wa kulia na mkono wa kushoto wa msichana. Tukashuka ngazi pamoja, mimi nikijikanyaga, yeye akinishikilia nisianguke. Anjeline alikuwa amesimama kwenye korido. Akanitengeneza kola ya koti, akamtazama yule msichana juu mpaka chini, akavua kitambaa chake cha kanisani na kumfunga nacho mabegani.

Chini kulikuwa na baridi na harufu ya dawa ya choo. Tukaketi kwenye benchi la saruji kungoja yeye afunguliwe mlango wa upande wa wanawake. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa sita na robo.

Msichana akanigeukia. Akasema sentensi moja, ya chini, kama mtu anayeuliza, au anayesamehe, au anayelaani. Macho yake hayakunisaidia.

Askari akaingiza ufunguo. "Mzee Roma, anasema nini huyo?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri kwenye ulimi. Moja lingemfanya hata askari alie.

"Sijui, afande," nikasema.

Akatufungua. Akampeleka kushoto, akanipeleka kulia.